Zawadi ya Baba Mkubwa Inazima Gari Kwenye Mteremko

Mzee wetu wa ukurasa huu, salamu nyingi kutoka Rebero. Nimekusoma miaka mingi bila kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakaa nikuandikie, na huenda jambo langu ukaliona la ajabu, maana wenzangu hukuletea habari za mawifi na wachumba, mimi nakuletea habari ya injini, lakini nakuomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu ndoa yangu imenasa ndani ya injini hiyo na sijui nitaitoaje.

Naitwa Kankindi, nimekulia Karagwe kule Tanzania, na mume wangu Keith amekulia Kampala, tukakutana hapa Kigali baada ya familia zetu kurudi Rwanda. Sisi ni watu wa mashindano ya magari. Yeye anaendesha, mimi nakaa kiti cha pembeni namsomea njia, kulia kali, kilima, usikate kona, jiwe ndani, na watu wakituuliza tunapumzika wapi wikiendi tunacheka tu, kwa sababu mapumziko yetu ni humo humo, na hata tukiwa tumenuniana nyumbani, tukishafunga mikanda na nikaanza kusoma, tunakuwa mtu mmoja. Nataka ulijue hilo kwanza, ili uelewe ninachoogopa kupoteza.

Gari letu ni Subaru ya zamani. Mwaka jana tulifunga turbo kubwa zaidi na nozeli kubwa zaidi za petroli, na kompyuta ya injini iliyokuja na gari ikawa haiwezi tena, ni kama mtoto amevaa koti la baba yake, kwa hiyo ilibidi tutafute nyingine. Mimi na Shakira, fundi umeme wa magari wa Biryogo ambaye ameshika nyaya za gari letu tangu tulinunue, tulikuwa tumeshachagua moja ya kawaida, ambayo inaingia kwenye soketi ile ile ya kiwandani bila kukata waya, na Shakira anaijua, ameshaifunga kwenye magari ya wengine na anaweza kuifungua kwa kompyuta yake ndogo akarekebisha chochote. Keith naye alikuwa amekubali.

Halafu tukafanya sherehe ya kuingia nyumba mpya, na baba mkubwa Gasana akasimama. Mzee huyu ndiye aliyemlea Keith baada ya baba yake kufariki, alimlipia shule, alimfundisha kuendesha, Keith akimtaja hata sauti hubadilika. Akasema mbele ya watu wote, "Keith mwanangu, ningekupa ng'ombe, lakini hapa Rebero utamlisha nini, vigae?" Watu wakacheka, naye akatoa sanduku, na ndani yake kompyuta ya injini, ile kubwa ya wale wanaoshindana Ulaya na Uarabuni, ameipata kwa rafiki yake Dubai ambaye ameacha mashindano. Na yule mzee tuliyemwalika kusifu ng'ombe, maana walitolewa na wa kweli siku hiyo, akaishika ile kompyuta akaisifu kama ng'ombe hasa, "Tazameni pembe zake za shaba! Mikia yake ni mingi kuliko ya kundi zima!" akionyesha zile nyaya zinazoning'inia, watu wakapiga makofi, vigelegele, na Keith akaruka juu akaapa kwa jina la aliyempa, "Yampaye inka Gasana!" yaani Gasana amenipa ng'ombe, na wewe Mzee unajua, hapa kwetu mtu akishaapa hivyo mbele ya watu, ile zawadi imeshakuwa undugu, haikataliwi na hairudishwi.

Tukaipeleka kwa Shakira. Akaitazama, akaunganisha, halafu akasema, "Mama Kirezi, hii kitu ni nzuri, sikatai. Lakini iko na neno la siri, neno la siri iko na mwenyewe, na mwenyewe haiko hapa." Ramani iliyo ndani, hiyo inayoiambia injini inyunyize petroli kiasi gani na iwashe cheche wakati gani, yule mtu wa Dubai au fundi wake aliifunga, na Shakira hawezi kuiona wala kuigusa. Keith akamwambia, "Wewe funga nyaya tu, ramani ilishashinda mashindano hiyo." Shakira akamjibu, "Ilishinda wapi, bosi? Ilishinda kwenye gari ya mtu mwingine." Keith akacheka, lakini nilimwona hakupenda. Nyaya za kiwandani zikakatwa, mpya zikafungwa.

Siku ya kujaribu tulikwenda barabara ya vumbi nje ya mji, tumepewa ruhusa na vijana wameifunga juu na chini. Kupanda, gari lilitoa moshi mweusi na kukohoa, na Keith akasema litazoea. Kushuka ndiyo shida. Tulikuwa tunakaribia kona ya kushoto, mimi nimeshasoma, yeye akaachia mafuta na kukanyaga klachi apunguze gia, na injini ikanyamaza, Mzee, kimya kabisa, nikasikia mawe tu yanagonga chini ya gari, usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama anakanyaga ukuta, na hatukukata kona, tulinyooka tukaingia kwenye shamba la maharage. Hatukuumia. Mama mwenye shamba akaja na jembe mkononi akatuuliza, "Mmekuja kunisaidia kulima?" na mimi nikacheka huku nalia.

Keith akasema, "Ni mimi, nimeachia mafuta vibaya." Nikamwambia hukuachia vibaya, injini imezima. Akasema, "Kankindi, nimesema ni mimi." Gari likavutwa mpaka Biryogo, na pale mbele ya Shakira na mafundi wote uvumilivu ukanishinda, nikasema, "Baba mkubwa wako anataka kutuzika kwa zawadi." Keith akajibu polepole, "Kama unaogopa, shuka. Sangwa atakaa." Sangwa ni rafiki yake, kijana mzuri, siku zote ametamani kiti changu.

Tangu hapo tunaongea habari za mtoto wetu Kirezi tu. Mashindano yanakaribia. Mimi nasema turudi kwenye ile ya kawaida, ndogo, anayoijua Shakira, yeye anasema baba mkubwa atakuwepo pale pa kuanzia, atataka boneti ifunguliwe aione zawadi yake, na atamwambia nini? Anasema pia kwamba ile kubwa ina kinga nyingi, mafuta ya injini yakipungua inaizima injini kabla haijafa, na ile ndogo haina yote hayo, na huenda ni kweli, sijui. Nikae nisome njia ninyamaze? Niende kwa baba mkubwa kwa siri nimweleze? Au nimpishe Sangwa? Na wewe ambaye umefundisha ufundi, nakuomba uniambie pia, kati ya hizo mbili ni ipi?

Kankindi, Rebero.


MZEE HABUMUGISHA ANAJIBU

Binti yangu Kankindi, pole. Pole kwa hofu ya ile kona, na pole zaidi kwa kulala nyumba moja na mtu mnayeongea naye habari za mtoto tu. Barua yako si ya ajabu hata kidogo. Nimefundisha injini kwa miaka mingi kabla ya kupewa ukurasa huu, na nakuhakikishia kwamba chini ya boneti nimekuta ugomvi wa familia mara nyingi kuliko nilivyokuta plagi mbovu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo jepesi.

Kompyuta ya injini ni msikilizaji. Kuna sensa, yaani vipimo vidogo, zinazomwambia hewa inaingia kiasi gani, injini ina joto gani, inazunguka kwa kasi gani, na dereva amekanyaga mafuta mpaka wapi. Akishasikia, anatazama kwenye jedwali lake, hiyo ndiyo ramani, kisha anaamua petroli na cheche. Hafikiri. Anasoma tu alichoandikiwa, kama wewe unavyomsomea Keith njia. Sasa jiulize: ungekaa kwenye gari ukamsomea mumeo maelezo ya njia ya nchi nyingine? Kona ziko vizuri, zimeandikwa na bingwa, lakini si za barabara hii.

Hayo ndiyo yaliyowapata. Ramani ile iliandikwa kwa injini nyingine, nozeli nyingine, petroli nyingine, na huenda kwenye mji ulio usawa wa bahari. Sisi hapa tumekaa juu milimani na hewa yetu ni nyepesi. Kompyuta isiyoambiwa hivyo, au inayodhani nozeli ni ndogo kuliko zilizopo, hunyunyiza petroli nyingi kuliko hewa, na moshi mweusi mliouona unatokana na jambo la namna hiyo. Na ile kona: dereva akiachia mafuta mteremkoni, kompyuta hukata petroli kwa muda, kisha huirudisha kabla injini haijalala. Irudishe lini, ipitishe hewa kiasi gani ili injini ibaki hai klachi ikikanyagwa, hayo pia yako kwenye ramani. Gari lenu halikuambiwa ukweli, likalala. Sijaliona kwa macho, kwa hiyo sitaapa kwamba hakuna waya uliolegea pia. Shakira akague hilo kwanza. Lakini Keith hakuachia mafuta vibaya. Aliachia kama anavyoachia siku zote.

Je, zawadi ya Gasana ni mbaya? Hapana, na hapa nakukemea kidogo. Ni mfumo mzuri, huenda bora kuliko wenu mliouchagua, na Keith hasemi uongo kuhusu kinga. Ila kinga nayo inasoma ramani. Ikiwa imeandikiwa sensa ya gari lingine, inaweza kulala wakati wa hatari au ikawazimia gari wakati hakuna hatari. Ninyi wawili mnabishana ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Swali halipo hapo. Mtu anapochagua mfumo wa kusimamia injini ya mashindano, kabla ya kuuliza una nini, anauliza: katika mji ninaoishi, ni nani anayeweza kuufungua? Kwa sababu ramani haiandikwi mara moja. Unabadilisha petroli, unarekebisha. Unabadilisha turbo, unarekebisha. Mfumo usiofunguka ni sawa na daktari bingwa asiyejua lugha yako na asiye na mkalimani. Shakira mwenyewe hakusema ni mbovu. Alisema umefungwa. Ninyi wote mlilisikia neno hilo, halafu kila mmoja akalitumia kupigana na mwenzake.

Sasa tuje kwenye lile gumu.

Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta sehemu moja tu, nikaikosa: mahali ambapo mtu yeyote amemuuliza Gasana. Wewe unamwogopa, Keith anamlinda, Shakira si wa familia, na mzee wa watu ameketi nyumbani kwake akifurahi, hajui lolote. Nadhani hata hajui kwamba kitu kile kina neno la siri. Aliona sanduku zuri la bingwa akamwaza mwanawe. Na wewe umemwita mchimba kaburi mbele ya mafundi! Binti yangu, maneno yale yalimchoma Keith kuliko shamba la maharage. Kwake huyo ni baba. Alipokwambia ushuke hakuwa anazungumza habari ya kiti. Alikuwa anamtetea mzee wake kwa neno la kwanza lililomjia mdomoni, na lilikuwa neno baya. Ombaneni radhi wote wawili, na uanze wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia.

Mmekosea wapi, basi? Mmekumbuka nusu ya desturi mkasahau nusu. Ni kweli ng'ombe aliyetolewa mbele ya watu harudishwi. Lakini ni nani alipewa ng'ombe akamwondoa zizini bila kuuliza habari zake? Aliyepewa huuliza: anapiga mateke? Ndama wake wa kwanza alizaliwaje? Amezoea chumvi gani, anakamuliwa na nani? Mtoaji hachukizwi na maswali hayo, huyafurahia, kwa sababu yanamwonyesha kwamba ng'ombe wake ameingia kwa mtu makini. Asiyeuliza ndiye anayemdharau. Keith aliapa kwa jina la baba yake mkubwa, akaruka juu, akabeba sanduku, asiulize kitu. Sisi tuliokulia nje tuna tabia hii: tunaporudi tunashika desturi kwa nguvu sana pale panapoonekana na watu, na kuiachia pale inapofanya kazi yake kimya kimya.

Na kuna jambo lingine ambalo wazee wenu hawakuwaambia, au waliwaambia mkiwa mnatazama simu. Mtu aliyepewa ng'ombe na hana malisho, humwendea aliyempa akamwomba ruhusa, akampeleka kwa mwenzake mwenye malisho amlishe. Ng'ombe anabaki wake. Jina la mtoaji linabaki juu yake. Hakuna aliyeaibika. Hayo si kurudisha.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Nendeni kwa Gasana wote wawili, mchana, mkiwa na ile kompyuta mkononi. Usiende kwa siri. Ukienda peke yako utakuwa umemshitaki mumeo kwa baba yake, na hilo hatalisahau hata kama gari litashinda. Aongee Keith, maana ndiye aliyepewa. Ashukuru kwanza, kwa kirefu, asiwe na haraka. Kisha aseme: baba mkubwa, ng'ombe wako ni mzuri, lakini amekuja na kamba ambayo hatujui fundo lake, tunaomba umuulize rafiki yako neno la kumfungulia. Halafu amwambie habari ya kona. Yote, na maharage. Asimfiche, kwa sababu mzee aliyemfundisha kuendesha atajua tu.

Neno la siri likipatikana, bado mnahitaji mtu wa kuandika ramani mpya kwa injini yenu, hapa hapa milimani. Shakira aseme wazi kama anaweza kujifunza mfumo ule au hawezi; kusema hawezi si aibu kwa fundi. Lisipopatikana, mifumo mingi ya namna ile inaweza kufutwa yote na kuanza upya, lakini mkifuta bila mwandishi wa ramani mtabaki na sanduku tupu lenye pembe za shaba. Hapo ndipo Keith aombe ruhusa ya pili, ya kumweka ng'ombe kwa mwenye malisho: ifungwe kwenye gari la mwenzenu ambaye ana fundi wake, au ikae kabatini ikisubiri, na ninyi mfunge ile ya kawaida kwa mashindano haya. Shakira alizikata nyaya za kiwandani. Azirudishe kwa kuchomelea vizuri, asizungushie mkanda wa plastiki akasema yatosha. Na mfumo wowote mtakaoufunga, wekeni kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli mbele ya kiti chako wewe. Keith anatazama barabara. Wewe unaweza kuona mapema.

Ninamfikiria Gasana pale pa kuanzia, boneti ikiwa wazi. Ukiniuliza, mzee atakayekuwa ameulizwa na kuombwa ruhusa atasimama pale akiwaeleza watu kwa nini zawadi yake haimo humo, tena kwa majigambo. Mzee atakayegundua mwenyewe ndiye atakayeondoka bila kuaga.

Na kiti. Usikae ukanyamaza. Kunyamaza kwako si heshima kwa mumeo, maana kazi yako katika gari lile ni kusema kilicho mbele. Mwambie hivi, kwa upole, mkiwa peke yenu: sitoki kwenye kiti hiki kwa sababu ya hasira, na sipandi mpaka gari hili lishuke mteremko mzima, mafuta yameachiwa, klachi imekanyagwa, tena na tena, bila kuzima. Lijaribiwe penye uwanda wa kutosha wa kuponea, na Keith awe peke yake, taratibu kwanza, kisha kwa mwendo. Likishuka salama, panda siku hiyo hiyo, usimzungushe.

Ikiwa atakataa haya yote na kumpakia Sangwa, usimgombanie Sangwa kiti. Mtafute kabla hajafunga mkanda, mwambie kilichotokea kwenye ile kona, neno kwa neno, kama ulivyoniandikia mimi. Mwambie wewe mwenyewe, usimwachie Keith. Mtu anayekaa kiti hicho ana haki ya kujua kama injini inalala.